Milango miwili, funguo mbili: Jinsi ya kufikia barua-pepe za kazini kwa tarakilishi ya nyumbani

SERIKALI ya Kenya ilipowahimiza waajiri mnamo Machi 15, 2020 kuwaruhusu wafanyakazi kuhudumu wakiwa majumbani kutokana na janga la Covid-19, wengi waliondoka afisini wakidhani kwamba kilichohitajika ni tarakilishi na intaneti pekee.

Tangu wakati huo, kufanyia kazi nje ya afisi kumekuwa jambo la kawaida kwa makarani, wahasibu, wahariri na mawakili. Hata hivyo, lipo tatizo moja ambalo huwakumba wengi hadi leo. Tarakilishi ya nyumbani huwaka na intaneti hupatikana, lakini kisanduku cha barua-pepe za kazini hukataa kufunguka.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Shida ni kwamba mfanyakazi wa aina hiyo hupita milango miwili yenye funguo mbili tofauti. Mlango wa kwanza ni wa tarakilishi iliyo mbele yake. Wa pili ni wa seva ya barua, yaani mashine inayopokea na kuhifadhi barua za afisi nzima, iwe imewekwa afisini au katika kituo cha kampuni iliyokodishwa kwa kazi hiyo.

Anayeichanganya milango hii anaweza kujifungia nje ya akaunti yake, kupoteza barua za miaka mingi au kuacha siri za mwajiri mikononi mwa yeyote atakayeketi mbele ya mashine ile ile.

Tofauti ya akaunti hizi mbili

Katika afisi nyingi zinazotumia programu za Windows, tarakilishi zote huunganishwa chini ya himaya moja iitwayo kikoa. Orodha ya wafanyakazi wote huhifadhiwa mahali pamoja kwenye seva maalumu. Kampuni ya Microsoft ilianzisha mfumo wake wa aina hiyo, Active Directory, pamoja na Windows 2000 iliyotolewa mwaka wa 2000.

Mfanyakazi anapoandika jina na neno lake la siri asubuhi, seva humthibitisha na kumpa kitu kinachofanana na tikiti ya kielektroniki. Utaratibu huo huitwa Kerberos, na ulibuniwa katika taasisi ya MIT nchini Marekani katika miaka ya 1980. Anapofungua barua-pepe, programu huonyesha tikiti ile na seva ya barua humfungulia bila kumuuliza swali jingine.

Ndiyo maana mtu anaweza kuhudumu afisini miaka mitano bila kuandika neno la siri la barua-pepe hata siku moja, akaamini kwamba barua zake zimo ndani ya tarakilishi iliyo mezani pake.

Tarakilishi ya nyumbani haimo katika himaya hiyo. Akaunti inayotumiwa kuifungua imesajiliwa humo humo ndani ya mashine, wala haitambuliki kwingineko. Mwenye kuingia kwa akaunti iitwayo ‘nyumbani’ hana tikiti yoyote ya kuonyesha, na seva ya afisi haijawahi kusikia jina hilo.

Hali hii inafanana na ya mtu aliye na nyumba na sanduku la posta. Ufunguo wa nyumba haufungui sanduku la posta, hata kama vyote viwili ni vya mtu mmoja. Kubadilisha kufuli la nyumba nako hakubadilishi la sanduku.

Kosa la jina

Seva isipoona tikiti, huleta dirisha dogo la kuuliza jina na neno la siri. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa neno la siri huwa sahihi lakini jina likawa na kasoro.

Mtu akiandika jina fupi tu, kwa mfano ‘mkarani’, huenda Windows ikadhani kwamba anarejelea akaunti ya tarakilishi ile ile ya nyumbani. Hivyo hutuma jina la mashine pamoja na jina la mtu, nayo seva hukataa kwa sababu haimjui mkarani wa mashine hiyo.

Dawa yake ni kutaja kikoa waziwazi. Zipo namna mbili. Ya kwanza ni kuanza na jina la kikoa, kisha mkwaju uliolalia nyuma, kisha jina la mtumiaji, kama hivi: AFISI\mkarani. Ya pili ni kuandika jina la mtumiaji, alama ya @, kisha jina kamili la kikoa.

Namna hii ya pili hufanana na anwani ya barua-pepe, na katika afisi nyingi huwa ndiyo hiyo hiyo. Hata hivyo, si lazima vifanane. Kwa hivyo, ni busara mfanyakazi aulize kitengo cha teknohama namna kamili ya kuandika jina lake kabla ya kuondoka afisini.

Aidha, wapo wanaojaribu kukwepa usumbufu huu kwa kuipa akaunti ya nyumbani jina na neno la siri sawa na la kazini. Hilo halifai. Watoto au jamaa wanaojua neno la siri la tarakilishi ya nyumbani watakuwa wamekabidhiwa pia ufunguo wa afisi.

Njia tatu za kufikia seva

Njia ya kwanza, na iliyo rahisi zaidi, ni kupitia ukurasa wa intaneti. Microsoft ilianza kutoa huduma hiyo katika seva yake ya Exchange 5.0 mwaka wa 1997, na baadaye ikajulikana kama Outlook Web Access. Mfanyakazi hufungua anwani aliyopewa na afisi, akaandika jina na neno lake la siri, akasoma barua, kisha akaondoka. Hakuna mipangilio inayohitajika katika tarakilishi, na barua hubaki kwenye seva.

Njia ya pili ni kutumia programu ya barua, kwa mfano Outlook, iliyowekwa kwenye tarakilishi ya nyumbani. Zamani programu hiyo ilihitaji kuwa ndani ya mtandao wa afisi. Toleo la 2003 la Outlook, likishirikiana na seva ya Exchange 2003, liliwezesha mawasiliano hayo kupita kwenye intaneti ya kawaida bila kuunganishwa kwanza na mtandao wa afisi.

Tangu Exchange 2007, programu inaweza pia kujitafutia mipangilio yenyewe. Ikiwa ndani ya kikoa, huuliza Active Directory. Ikiwa nje, hutumia sehemu ya anwani ya barua-pepe inayofuata alama ya @ kuitafuta seva kwenye intaneti. Iwapo afisi haikuandaa njia hiyo ya nje, programu itazunguka bila kupata kitu, na hapo hakuna ufundi wa nyumbani utakaosaidia.

Njia ya tatu ni itifaki za IMAP na POP, ambazo hazitegemei programu za kampuni moja. POP ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1984, nayo IMAP ilibuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka wa 1986. Kwa kawaida, IMAP iliyolindwa hupitia poti nambari 993 na POP iliyolindwa hupitia 995. Barua zinazotumwa hupitia itifaki nyingine, SMTP, mara nyingi kwenye poti 587.

Wengi husahau sehemu hiyo ya kutuma. Mtu akiona barua zinaingia lakini hazitoki, jambo la kwanza la kuchunguza ni iwapo programu imeagizwa kuonyesha jina na neno la siri kwa seva ya kutuma pia.

Hatari iliyojificha katika POP

IMAP huacha barua kwenye seva na kuonyesha tu yaliyomo. POP ilibuniwa kwa nia tofauti. Huchukua barua, kuziweka ndani ya tarakilishi moja na, isipoagizwa vingine, kuzifuta kwenye seva.

Mtindo huo ulifaa enzi za kupiga simu ili kupata intaneti, ambapo kila dakika ililipiwa. Mtu aliunganisha, akachota barua zote, akakata laini na kuzisoma kwa utulivu. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka wa 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kuwasiliana na intaneti ya ng’ambo, na gharama yake ilikuwa ya juu.

Leo mtindo huo unaweza kuleta hasara. Chukua mfano wa karani wa ununuzi anayeunganisha kipakatalishi chake kwa POP jioni moja. Asubuhi anafika afisini na kukuta kisanduku ni kitupu. Barua zote, pamoja na zabuni na stakabadhi, zimehamia nyumbani. Kipakatalishi hicho kikiibwa kwenye matatu au kikiungua kwa hitilafu ya umeme, afisi haina nakala nyingine isipokuwa kama kitengo cha teknohama kiliweka akiba.

Kwa hivyo, anayelazimika kutumia POP hana budi kuhakikisha kwamba programu imeagizwa kuacha nakala kwenye seva. Panapokuwa na hiari, IMAP au Exchange ni bora.

Mbona afisi nyingine hufunga mlango kabisa

Baadhi ya afisi hazifungui seva zao kwa intaneti hata kidogo. Mfanyakazi hutakiwa kwanza kuunganisha VPN, yaani njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti na kuifanya tarakilishi ya nyumbani ionekane kama iko afisini. Jina na neno la siri la VPN huenda yakawa ya tatu, tofauti na mengine yote.

Mwenye kuunganishwa kwa VPN hajawa mwanachama wa kikoa. Amefikishwa mlangoni tu. Programu ya barua itamuuliza jina lake kama kawaida, naye atalazimika kutaja kikoa.

Tahadhari hii ina msingi. Mnamo Machi 2, 2021, Microsoft ilitoa marekebisho ya dharura baada ya kubainika kwamba wavamizi walikuwa wakitumia kasoro katika seva za Exchange kusoma barua za mashirika mbalimbali duniani. Zilizokuwa hatarini zaidi ni seva ambazo afisi zilikuwa zimejiwekea zenyewe na kuzifungua kwa intaneti.

Afisi nyingine zimehamishia barua zao kwa huduma za kukodi. Huko nako mambo yamebadilika. Kuanzia Oktoba 1, 2022, Microsoft ilianza kuzima kwa wateja wote wa huduma yake ya Exchange Online utaratibu wa zamani wa kutuma jina na neno la siri pekee. Programu nzee zisizoweza kupita hatua za kisasa za uthibitisho ziliachwa nje, hata pale neno la siri lilipokuwa sahihi.

Tarakilishi moja, watumiaji wengi

Katika nyumba nyingi, tarakilishi ni moja na wanaoitumia ni wengi. Mzazi huandika ripoti, mtoto hufanya kazi ya shule na mgeni huangalia habari. Hapa ndipo akaunti tofauti ndani ya tarakilishi huwa ngao.

Windows huweka mipangilio ya barua na maneno ya siri yaliyohifadhiwa chini ya kila akaunti kivyake. Mfanyakazi akifungua akaunti ya kazi pekee, kando na ile ya familia, barua za afisi hazitaonekana mtoto anapoingia kwa akaunti yake. Kinyume chake, wote wakitumia akaunti moja na alama ya ‘kumbuka neno la siri’ ikiwa imewekwa, yeyote atakayebonyeza picha ya programu ya barua atajikuta ndani ya seva ya mwajiri.

Hata hivyo, ngao hiyo ina mipaka. Mtumiaji aliye na mamlaka ya usimamizi katika mashine anaweza kufungua faili za akaunti nyingine, zikiwemo nakala za barua ambazo Outlook huhifadhi ili zisomeke bila intaneti. Kwa hivyo, akaunti za watoto na wageni zisipewe mamlaka hayo. Isitoshe, ni vyema diski yenyewe ifungwe kwa programu ya kugeuza data kuwa fumbo, ili mwizi asiweze kuing’oa na kuisomea kwingine.

Katika mkahawa wa intaneti, hakuna ngao ya kutegemewa. Mfanyakazi hajui ni programu gani imefichwa humo kurekodi kila kitufe kinachobonyezwa. Ikibidi kabisa, atumie ukurasa wa intaneti pekee, akatae kuhifadhi neno la siri, ajiondoe rasmi anapomaliza, na alibadilishe neno hilo mara tu anapopata mashine anayoiamini.

Afisi inapoingia nyumbani

Mlango ukifunguliwa, unaweza kupitwa pande zote mbili. Mtu anapoongeza akaunti ya kazi katika programu za kisasa za Microsoft, huenda akaulizwa iwapo anairuhusu afisi kusimamia kifaa chake. Wengi hukubali bila kusoma.

Anayekubali anaweza kuwa amesajili tarakilishi yake ya kibinafsi kwa mwajiri, ambaye kutegemea mipangilio ya afisi, anaweza kuiwekea masharti. Kwa kawaida huwepo chaguo la kuingia katika programu hiyo moja tu, na hilo ndilo linalomfaa mwenye mashine yake asiyetaka isimamiwe. Iwapo kanuni za afisi haziruhusu chaguo hilo, mfanyakazi ana haki ya kuomba maelezo kabla ya kuamua.

Simu za mkononi nazo zinahitaji uangalifu. Mfumo wa Exchange humwezesha msimamizi kufuta simu akiwa mbali pindi inaporipotiwa kupotea. Katika simu nyingine, agizo hilo hufuta kila kitu, zikiwemo picha za familia. Nakala ya akiba ni muhimu kabla ya kuunganisha.

Neno la siri linapobadilishwa

Afisi nyingi hulazimisha neno la siri kubadilishwa baada ya muda fulani. Afisini, tarakilishi humkumbusha mtu na kumruhusu kubadilisha papo hapo. Ile ya nyumbani haina habari. Kubadilisha neno la siri la tarakilishi ya nyumbani hakutagusa la seva, na muda ukiisha, mfanyakazi atakataliwa bila maelezo. Atahitaji kutumia ukurasa wa intaneti wa barua, ikiwa unaruhusu, au kuwasiliana na afisi.

Tatizo la pili huwashangaza hata wazoefu. Mtu hubadilisha neno la siri afisini Ijumaa, huku tarakilishi ya nyumbani na simu vikiwa bado vimehifadhi lile la zamani. Vifaa hivyo huendelea kubisha hodi kwa neno lililokwisha kazi. Seva huhesabu majaribio hayo na, yakipita kiwango kilichowekwa, hufunga akaunti kwa kudhani kwamba ni mwizi.

Jumatatu mfanyakazi hukuta amefungiwa nje, akafunguliwa, na baada ya dakika chache akafungiwa tena. Suluhisho ni kusasisha au kufuta neno la zamani katika kila kifaa. Katika Windows, maneno hayo huwekwa kwenye hifadhi ya vitambulisho ndani ya paneli ya mipangilio. Katika tarakilishi za Apple, huwekwa kwenye hifadhi iitwayo Keychain.

Saa na cheti cha usalama

Seva iliyoandaliwa vyema hujitambulisha kwa cheti cha usalama chenye tarehe za kuanza na kuisha. Tarakilishi ikionya kwamba cheti kina kasoro, mtumiaji asibonyeze kitufe cha kuendelea kwa mazoea, kwani huenda kuna mtu aliyejipenyeza katikati ili kunasa neno la siri.

Kabla ya kuhofu, atazame saa. Betri ndogo iliyo ndani ya tarakilishi kuukuu ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na cheti kizuri huonekana kana kwamba bado hakijaanza kutumika. Akirekebisha tarehe na onyo likaendelea, basi aache na kupigia afisi simu.

Sheria inasemaje

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka wa 2018 inaharamisha kuingia katika mfumo wa tarakilishi bila idhini. Iliweka adhabu ya faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kutoa neno la siri kwa mtu mwingine kimakusudi bila mamlaka pia ni kosa.

Sheria hiyo pia inamtaka mfanyakazi kukabidhi namna zote za kuingilia mitambo ya mwajiri punde ajira inapokoma, kwa kuzingatia mkataba wao. Kwa maneno mengine, anayeacha kazi huku tarakilishi yake ya nyumbani ikiendelea kupokea barua za afisi anajiweka hatarini, hata kama hana nia mbaya.

Mwajiri naye hakusazwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayedhibiti data kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kufahamu kwamba data za watu zimefikiwa na asiyestahili na kuna hatari ya madhara. Kipakatalishi kilichoibwa kikiwa na barua za wateja kinaweza kuwa tukio la aina hiyo. Hivyo basi, mfanyakazi anayechelewa kuripoti wizi humnyima mwajiri wake muda wa kutimiza sheria.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuondoka afisini

Mfanyakazi anayetarajia kusoma barua akiwa nje hupunguza taabu akipata majibu ya maswali machache mapema. Je, kanuni za afisi zinaruhusu kutumia tarakilishi ya kibinafsi? Jina lake huandikwaje pamoja na kikoa? Anwani ya ukurasa wa barua ni ipi? VPN inahitajika? Neno la siri hubadilishwa wapi mtu akiwa mbali, na nambari gani ya simu hupigwa kifaa kinapopotea?

Swali la kwanza ndilo lenye uzito zaidi. Tarakilishi inaweza kuwa mali ya mfanyakazi, na intaneti akailipia mwenyewe, lakini seva na barua zilizomo viko chini ya usimamizi wa afisi, na idhini ya kuzifikia hutoka huko. Kitengo cha teknohama kikikataa, kutafuta njia ya kichochoro, kama vile kuelekeza barua zote za kazini kwa anwani ya kibinafsi, hakumwondolei mfanyakazi dhamana. Nakala hizo zitabaki katika kisanduku ambacho afisi haiwezi kukilinda wala kukifunga.